Carl Weathers: hakuwa stelingi, lakini bila yeye muvi haiendi

Ukimtajia mtu wa rika langu hapa Dodoma jina la Carl Weathers, wengi watakuangalia tu. Lakini sema Apolo, yule mweusi mwenye bukta ya bendera ya Marekani aliyezichapa na Roki, hapo hapo mtu anakunja ngumi na kuanza kurukaruka, na ukiongeza kwamba ndo huyo huyo aliyekatwa mkono na yule kiumbe Predator huku bunduki inaendelea kulia, basi mmeshakuwa marafiki. Yani sura tunayo, jina ndo hatukuwahi kuwa nalo. Leo nataka tumpe jina lake, maana huyu bwana aliigiza karibu miaka 50 na mara nyingi hakuwa stelingi, alikuwa mpinzani wa stelingi, au rafiki yake, au mtu wa kumfundisha, na mimi naamini kabisa kuwa mtu wa pili ndo ana kazi ngumu kuliko wote kwenye muvi.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1948, New Orleans, kusini mwa Marekani, enzi ambazo mtu mweusi kule hakai popote anapotaka wala hasomi popote anapotaka, sheria zenyewe zilikuwa za ubaguzi. Familia haikuwa na hela. Baadae wakahamia California na kule mwili wake na miguu yake vikamfungulia njia, akawa mtu wa michezo haswa, akaingia chuo cha San Diego State kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana. Kocha wao alikuwa Don Coryell, jina kubwa sana kwenye mchezo ule, na msimu wa 1969 timu yao haikupoteza mechi hata moja. Alikuwa beki, wale wa kazi ya kumzuia mtu asipite.

Mwaka 1970 akasajiliwa Oakland Raiders, timu kubwa, ligi kuu yao. Sasa hapa ndo napapenda. Carl mwenyewe alishawahi kusimulia kwamba kocha wa Raiders, John Madden, wakati wanaachana naye alimwambia yeye ni mtu wa hisia sana. Hebu fikiria, jitu limejengeka vile, kazi yake kugonga watu, linaambiwa lina hisia nyingi mno kwa ajili ya mpira. Mechi alizocheza pale kwa misimu miwili ni nane tu. Akavuka kwenda Canada kuchezea BC Lions ya Vancouver mpaka 1973, na kila ligi ikisimama hakukaa kijiweni kusubiri msimu, alirudi California kusoma sanaa za maigizo San Francisco State, akamaliza 1974. Alafu akaacha mpira moja kwa moja.

Hicho kipande cha maisha yake huwa nakirudia sana kwa vijana wa kikundi chetu cha maigizo hapa Nkuhungu, maana wengi wanaamini uigizaji ni kipaji na sura basi, mtu akishachekesha watu kwenye simu anaona tayari. Carl alikuwa na sura, alikuwa na mwili, alikuwa na jina dogo la mpira, na bado alienda darasani kusoma namna ya kusimama jukwaani na kutumia sauti. Tena kile kitu alichoambiwa ni udhaifu, zile hisia, ndo mtaji alioondoka nao. Ukimwangalia vizuri Apolo, kwenye kelele zote zile na majigambo, kuna sehemu macho yake yanabadilika sekunde moja tu na unaona mtu anaogopa kusahauliwa. Mcheza mpira aliyeokotwa tu akapewa kamera hawezi kukufanyia hivyo.

Mwaka 1975 akapata vipande vidogo kwenye Bucktown na Friday Foster, zote mbili za Pam Grier, zile muvi za watu weusi zilizokuwa zinatoka kwa wingi miaka ile. Vipande vya kupita tu.

Alafu ndo ikaja Rocky, 1976, muvi ya bondia Roki.

Stori ya odisheni yake naijua kwa moyo maana ameisimulia kwenye intavyuu nyingi. Anaingia ofisini kwa maprodyuza, pale kuna dairekta John Avildsen na kuna jamaa mmoja mfupi wa kumsomea ile sehemu nyingine ya skripti. Carl anasoma, anaona haiendi, hakuna moto. Mwishoni kimya. Yeye akawaambia wale wakubwa kwamba angefanya vizuri zaidi kama wangemletea mwigizaji wa kweli wa kusoma naye. Kumbe yule jamaa ndo Sylvester Stallone, ndo aliyeandika hiyo muvi na ndo stelingi mwenyewe. Mtu mwingine angetolewa nje. Stallone akasema huyu huyu ndo Apolo, kwa sababu Apolo ndo mtu wa namna hiyo hasa, anayeingia chumba cha watu na kujiona yeye ndo mwenye chumba.

Apollo Creed alichongwa kwa mfano wa Muhammad Ali, hilo halifichiki, mdomo, madaha, akili ya biashara. Ali yule yule aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1980 akiwa ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu akakataa kuonana naye, na sisi tukaenda zetu Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Basi Carl alichofanya hakumuiga Ali kama wachekeshaji wanavyoiga sauti za viongozi. Alichukua kitu kimoja tu, kwamba bingwa ni mtu anayejua anatazamwa muda wote. Kwenye Rocky anaingia ulingoni kavaa kama George Washington, maana stori inatokea mwaka ambao Marekani inatimiza miaka 200 ya uhuru, anawarushia watu hela, anacheka, na ndani ya raundi ya kwanza anaangushwa chini na mtu asiyejulikana kabisa. Ile sura yake akiwa chini! Kila kitu cha muvi ile kimeegemea hapo, kama Apolo hajakuaminisha kwamba ni bingwa wa kweli wa dunia basi Roki kumaliza raundi 15 naye hakuna maana yoyote, ni walevi wawili tu wanapigana nje ya kilabu.

Muvi ilitengenezwa kwa bajeti ndogo, kama dola milioni moja tu hivi, ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake, ikateuliwa Oscar mara kumi na kuchukua tatu, muvi bora, dairekta bora na uhariri. Waigizaji wa kusaidia walioteuliwa ni Burgess Meredith aliyekuwa kocha Mickey na Burt Young aliyekuwa shemeji mtu. Carl hawakumteua. Inaniuma mpaka leo, siwezi kuficha.

Sasa huku kwetu. Hizi muvi hazikutufikia kwa mpangilio wala kwa mwaka wake. Zilitufikia kwenye mabanda ya video, Majengo, Chang'ombe na kwingine, mabenchi ya mbao, tv moja imepandishwa juu, turubai au magunia dirishani kuzuia mwanga, joto la kufa mtu, jenereta linanguruma nyuma ukikatika umeme. Mara nyingine ilikuwa kanda yenye sauti ya Lufufu anatafsiri juu yake, mara nyingine kuna kaka tu pale mbele anayejua kimombo kidogo anatusimulia na kuongeza chumvi zake. Unaweza kuona ya nne kabla ya ya kwanza. Na sheria ya banda kila mtu anaijua, stelingi hafi na stelingi hashindwi. Ndo maana Rocky ya kwanza ilituvuruga kichwa, muvi imeisha, Roki anaita jina la mwanamke wake, watu wanashangilia, kumbe majaji wamempa Apolo! Tulitoka pale tunabishana mpaka nyumbani, wengine wakidai kanda imekatwa mwisho.

Na ya nne ndo ilikuwa msiba. Rocky IV ni ya 1985, Apolo kastaafu, anataka kurudi ulingoni apigane na yule Mrusi Ivan Drago, Dolph Lundgren, pambano la maonyesho tu Las Vegas, James Brown anaimba, wacheza shoo wanamwagika, na Apolo anashuka kwenye jukwaa anacheza na ile kofia ya mistari. Anacheza kweli yani, anafuraha. Dakika chache baadae kafa mikononi mwa Roki. Niliwaona vijana wakubwa, wale tuliokuwa tunawaogopa mtaani, wamenyamaza kimya kwenye lile banda. Hawamlilii stelingi, wanamlilia rafiki wa stelingi. Ni nani mwingine aliwahi kutufanyia hivyo? Mimi namkumbuka huyo tu. Na nusu nzima ya muvi iliyobaki, kule kwenye theluji Urusi, Roki kukata kuni na kupanda mlima, inaendeshwa na mtu ambaye hayupo tena kwenye picha.

Mwaka 1987 ikaja Predator, dairekta John McTiernan, imepigwa kwenye misitu ya Mexico. Pale Carl ni Dillon, mtu wa CIA, rafiki wa zamani wa Arnold Schwarzenegger, stelingi wa muvi. Ile salamu yao ya mwanzo, wanashikana mikono hewani kama wanapimana nguvu na kamera inabaki kwenye misuli, kila mtoto wa kiume wa mjini hapa ameshawahi kuifanya na mwenzie. Wenzake walikuja kusimulia kwamba kule lokesheni kila mtu alikuwa anashindana kunyanyua vyuma, Arnold aliyekuwa ameshachukua Mr. Olympia, taji la watunisha misuli, mara saba, Jesse Ventura aliyekuwa mcheza mieleka, na Carl akawa anajifanya yeye hafanyi mazoezi kabisa, mwili wake ni wa kuzaliwa nao, kumbe anasubiri wenzake waondoke ndo anaingia jimu. Nacheka kila nikisoma hiyo.

Ila angalia kazi aliyopewa. Dillon ni msaliti kidogo, amemdanganya rafiki yake kuhusu misheni ili aje kufanya kazi chafu ya serikali. Ukimchezesha mtu wa kawaida hapo utamchukia tu na akifa utasema safi. Carl anamfanya Dillon aone aibu. Hasemi, ila unaiona aibu inamwingia taratibu kadri watu wanavyokufa, na mwisho anaamua mwenyewe kurudi msituni kumsaidia mwenzao Mac, akijua kabisa haendi kupona. Ule mkono uliokatika watu wote wanaukumbuka, mimi naukumbuka ule uso kabla ya mkono.

Stelingi alishawahi kuwa, nisiwadanganye. Mwaka 1988 alipewa Action Jackson, polisi wa Detroit, wazo lililotokana na mazungumzo yake na prodyuza Joel Silver wakati wa Predator. Wachambuzi hawakuipenda, hela iliingia ya wastani, na kampuni iliyoitengeneza, Lorimar, ikamezwa na Warner Bros, basi ya pili haikuja. Mimi muvi yenyewe naona inaangalika vizuri tu.

Miaka ya tisini akahamia sana kwenye tv. Street Justice kuanzia 1991 mpaka 1993, alafu In the Heat of the Night akiwa mkuu wa polisi Hampton Forbes. Hizi huku kwetu hazikusikika na sina mengi ya kusema. Lakini kuna kitu cha kukiangalia hapo, simu za muvi kubwa zilipopungua hakususa, alienda palipo na kazi, na huko huko kwenye tv akajifunza udairekta, akawa anaongoza epsodi za siriz mbalimbali kimya kimya kwa miaka mingi.

Alafu akawachekesha watu. Happy Gilmore ya 1996, pale ni kocha wa gofu Chubbs mwenye mkono wa mbao kwa sababu mamba alimla mkono, na Adam Sandler ndo stelingi. Miaka michache baadae kwenye Arrested Development anaigiza kama Carl Weathers mwenyewe, lakini Carl bahili wa kutisha, anaokota mifupa mezani kwa watu anasema hapa kuna supu. Wazo la ubahili lilikuwa lake. Waandishi walikuwa na mpango mwingine, yeye ndo akapendekeza wamfanye hivyo. Apollo Creed, mtu wa mikanda na magari ya kifahari, anakubali watu wamcheke kwa sababu ya mfupa wa kuku. Ukitaka kujua mwigizaji anayejiamini ni yupi, ni huyo.

Hapa niseme kitu kuhusu muvi zetu maana hii ndo inaniumiza hasa. Kwenye vikundi vyetu, na sisemi kimoja, yule mtu wa pili anaitwa siku ya kushuti. Hana skripti, anaambiwa wewe ni rafiki yake, ongea ongea tu, alafu utapigwa risasi. Kava ya muvi stelingi kajaa mwenyewe. Malipo ndo usiseme. Matokeo yake rafiki akifa kwenye muvi yetu hakuna anayejali, na stelingi akienda kulipa kisasi na yeye hakuna anayejali, tunaona tu mtu amekasirika. Juzi kwenye mazoezi tulikuwa tunagawa nafasi na kila kijana anataka kuwa yule mkuu, mmoja akaniambia wazi bora akose kabisa kuliko kuwa wa pili. Nikamwekea Rocky III kwenye laptop, ile sehemu ya Los Angeles Apolo anapomfundisha Roki, nikamwambia usimwangalie Roki hata mara moja, mwangalie yule mwingine tu mpaka mwisho. Akaangalia. Alipomaliza akaomba nafasi ya rafiki, na saivi anaifanyia kazi kuliko wote.

Kurudi kwa Carl. Ukifika umri wa miaka 70 Hollywood, na wewe ni mweusi, na ulijulikana kwa misuli, hesabu inasema umeshamaliza. Jon Favreau, mtengenezaji wake, akampigia kuhusu The Mandalorian, siriz ya dunia ya Star Wars iliyoanza Novemba 2019. Mpango wa kwanza alikuwa awepo kwenye epsodi chache tu, akawa Greef Karga na akabaki misimu yote mitatu. Na kwenye kukubali kwake alitaka kitu kimoja, apewe na udairekta. Akapewa. Msimu wa pili, 2020, aliongoza epsodi ya 12 ukihesabu tangu msimu wa kwanza, akiwa na miaka 72, anaigiza humo humo na kuongoza humo humo, na 2023 akaongoza nyingine. Mwaka 2021 akateuliwa kwenye Emmy, tuzo kubwa za tv za Marekani, kama mwigizaji mgeni. Uteuzi ambao 1976 hawakumpa ulikuja miaka 45 baadae kwa jina lingine na sura yenye mvi.

Na bukta yake ikaendelea kutembea bila yeye. Hiyo bukta ya bendera alimwazima Roki kwenye ya tatu, Roki akaivaa tena Moscow kwa Drago, na mwaka 2015 dairekta Ryan Coogler akatengeneza Creed, Michael B. Jordan akiwa Adonis, mtoto wa Apolo aliyezaliwa baba kashakufa, na yeye anaivaa. Vijana wa UDOM, chuo kikuu chetu hapa Dodoma, wanaoijua Creed na hawajawahi kuona Rocky hata moja wapo wengi sana, nimekutana nao. Muvi tatu nzima zinaitwa kwa jina la mtu wa pili wa 1976.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Los Angeles, tarehe 1 Februari 2024, miaka 76. Stallone alitoa video akiwa amesimama mbele ya mchoro wao wawili, mzee anajikaza sauti inakatika, akasema bila Carl wasingefanikiwa kile walichofanikiwa na Rocky. Ametamka mwenyewe, stelingi.

Watu wananiuliza waanzie wapi. Mimi nasema anza na Rocky III ya 1982, sio ya kwanza. Mickey kafa, Roki kapigwa vibaya na yule Clubber Lang wa Mr. T, kakata tamaa, na anayekuja kumwinua ni Apolo, adui wa muvi mbili zilizopita. Carl anaibeba ile muvi katikati yote, anabembeleza, anafoka, anakimbia naye ufukweni, na utaona kabisa anampenda yule mtu lakini bado anataka kumpiga siku moja. Baada ya hapo rudi ya kwanza, alafu ya nne, alafu Predator, alafu ile epsodi ya 12 ya The Mandalorian ukiwa na bando la kutosha. Na ukiwa kwenye ya kwanza fanya kitu kimoja, hesabu pointi raundi kwa raundi kwa haki bila kumpendelea Roki. Najua kelele za banda zilisemaje, lakini nimeirudia nikiwa mtu mzima na nasema majaji walikuwa sahihi. Apolo alishinda lile pambano. Anayebisha aje na raundi zake kwenye komenti.